Nakala ya Jumanne Usiku

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Fundi kompyuta amenifikia. Miezi mitatu amekuwa akizunguka wodi moja baada ya nyingine akiweka simu zake mpya zinazopita kwenye mtandao, na leo ameingia chumba cha swichibodi, chumba changu, amekumbatia kompyuta kifuani kama kichanga. Akaniambia kwa adabu (adabu yake ndiyo inayoniudhi zaidi) kwamba ikifika mwisho wa mwezi kila wodi itapiga simu moja kwa moja, haitahitaji kupitia kwangu. Nisiwe na wasiwasi, nitatafutiwa kazi nyingine.

Kazi nyingine. Miaka kumi na tisa nimekuwa sauti ya hospitali hii. Nikiuliza bei ya vitunguu sokoni watu wanageuka na kuniomba niwaunganishe na maabara.

Kompyuta iligoma, ikabidi Fundi aandike neno lake la siri mara tatu. Mimi nilikuwa nyuma yake nikipangusa miwani. Sikuwa napangusa kitu. Nimelinakili kwenye kiganja, kisha kwenye shajara hii, ukurasa wa mwisho. Sina nia mbaya. Nataka tu siku moja nisimame mbele ya Mganga Mkuu niseme: huyu ndiye mlinzi wa siri zetu, na siri yake mwenyewe ninayo mimi.

Mchana nikampelekea Mganga Mkuu barua saba za kunisifu, zilizoandikwa na Wagonjwa Wenye Shukrani. Alasiri akaniita. Akataka kujua imekuwaje wagonjwa saba wasiojuana wote waandike herufi "g" yenye mkia kama wa kwangu. Nikamweleza kuwa ndivyo tulivyofundishwa shuleni zamani. Akanirudishia barua zote, pamoja na kalamu yangu niliyoisahau ndani ya bahasha mojawapo.

Jumatano, 5 Machi

Kumbe wapo wanaoiona kazi yangu! Asubuhi nimepata barua pepe, ya kwanza tangu niwekewe kompyuta. Imetoka kwa Baraza la Tuzo za Mawasiliano. Nimeteuliwa kuwania tuzo ya Opereta Bora. Wameniita "Mpendwa Mtumiaji", nami nimechukulia kuwa ni cheo. Fomu imeambatishwa. Niijaze kabla ya saa sita mchana, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Nikabonyeza. Kompyuta ikauliza kama nina uhakika. Ninao. Ikauliza tena. Kifaa hiki hakina imani na watu. Kisha kikataka neno la siri la mwenye mamlaka. Nikaandika langu, kikanijibu kwamba sina ruhusa. Mteule mzima, sina ruhusa. Nikafungua ukurasa wa mwisho wa shajara, nikaandika la Fundi. Likapita bila kusuasua. Wakati uleule taa ya wodi ya wazazi ikawaka kwenye swichibodi. Nikaandika saa kwenye daftari la simu kama kawaida yangu, saa tano na dakika kumi, nikawaunganisha na maabara, nikarudi kwenye fomu.

Hapakuwa na fomu. Ukurasa mweupe. Nikabonyeza mara kumi na mbili. Mweupe tu. Nikaifuta barua, Fundi asije akaiona akajiandikisha yeye.

Alhamisi, 6 Machi

Mama mkwe ameteleza bafuni, nyonga imevunjika. Wamemlaza wodi ya mifupa, kitanda cha dirishani. Ana maumivu makali lakini halalamiki, anatazama dari tu. Daktari anataka kumpasua mapema iwezekanavyo.

Tatizo moja. Miaka miwili iliyopita alipoondolewa uvimbe, dawa mojawapo ya usingizi ilimkataa, moyo ukataka kusimama. Jina la dawa hiyo hakuna anayelikumbuka. Mke wangu anasema lilikuwa refu na lilianza na S, au pengine P. Daktari wa usingizi ametutuliza, limo kwenye rekodi za mama, na rekodi zimo kwenye kompyuta. Ataangalia kesho.

Ijumaa, 7 Machi

Saa mbili asubuhi skrini zote za hospitali zilikuwa nyeusi zenye maandishi mekundu. Mafaili yenu tumeyafunga. Mkitaka yafunguliwe, lipeni. Msipolipa tutayafuta. Maabara hivyohivyo, famasi hivyohivyo, masjala, wodi zote. Simu mpya za mtandao nazo kimya. Kitu kimoja tu kilikuwa kinafanya kazi ndani ya jengo zima, swichibodi yangu, kwa sababu Fundi hakuwahi kuing'oa.

Mungu anisamehe, nilifurahi. Taa zote ziliwaka kwa mpigo mmoja. Wodi ya watoto wanatafuta damu, maabara wanatafuta wodi ya watoto, chumba cha upasuaji wanamtafuta yeyote. Nikaunganisha kwa mikono miwili mpaka vidole vikawaka moto. Mganga Mkuu mwenyewe alishuka ngazi, akaniwekea mkono begani, akasema mzee, leo umetuokoa. Nilitamani mke wangu angekuwepo asikie.

Adhuhuri Fundi akatukusanya wafanyakazi wote kwenye korido. Macho yake yalikuwa mekundu. Akatueleza kwamba wahalifu hawakuvunja mlango, walifunguliwa. Kuna mtu humu ndani alifungua kitu. Mara nyingi ni barua pepe ya pongezi, akasema, au zawadi, au tuzo, na inakuwa na haraka, fungua kabla ya saa fulani. Ukifungua unaona ukurasa mweupe. Mdudu wa kompyuta anaingia, analala siku moja au mbili huku anajitawanya, halafu anaamka.

Nilikuwa nimesimama. Nikatafuta kiti.

"Sitamfukuza mtu, wala sitamgombeza mtu," akasema Fundi. "Nataka saa tu. Siku gani, saa ngapi."

Mimi nilikohoa, wote wakanigeukia, nikasema vumbi.

Jioni daktari wa usingizi alikuja kitandani kwa mama mkwe. Ameshindwa kuzipata rekodi. Jalada la karatasi nalo halipo, yote yalisagwa mwaka jana baada ya kuingizwa kwenye kompyuta. Bila jina la ile dawa, alisema, hamgusi mgonjwa. Mama mkwe akamwuliza kama mguu wake unaweza kusubiri. Daktari akajibu kwamba kwa umri wake, siku chache tu. Baada ya hapo damu inaweza kuganda na kupanda mapafuni.

Nimekula vijiko viwili vya wali.

Jumamosi, 8 Machi

Mganga Mkuu ameunda kamati ya kuchunguza nani alimfungulia mdudu. Wajumbe watatu. Fundi. Mkuu wa masjala, ambaye wote tunamwita Bwana Jalada kwa sababu anatembea na faili kwapani hata akienda msalani. Wa tatu, kwa kuwa anamfahamu kila mtu na sauti yake inaaminika, mimi.

Kwa hiyo najichunguza.

Nilianza kwa nguvu. Nikapendekeza tuanze na kompyuta za masjala, maana watu wa masjala wanajulikana kwa kubonyezabonyeza. Bwana Jalada akachukia, akasema masjala yake ina nidhamu, tuanze na vyumba vyenye mtu mmoja mmoja ambako hakuna wa kumwona mwenzake. Kama swichibodi. Fundi akaandika kwenye karatasi. Nikaona ameandika: swichibodi, Jumapili asubuhi.

Nikawaomba ruhusa, simu zinalia. Kufika chumbani nikachukua kikombe cha chai ya maziwa, sukari vijiko vinne, nikakimimina chote ndani ya kompyuta. Ikatoa mlio kama paka aliyekanyagwa, ikazima. Nikaita watu kwa huzuni. Ajali, nikawaambia, mikono inatetemeka kwa kazi nyingi.

Fundi akaja na bisibisi. Akafungua, akachomoa kipande kama kiberiti kikubwa, akakifuta na kitambaa. Akasema chai haifuti kitu, kumbukumbu zote zimo humu. Kikikauka vizuri atazisoma, labda Jumatano, labda Alhamisi. Akanipa pole kwa kikombe.

Jasho jembamba. Mke wangu ameniuliza mbona naloa na feni inazunguka. Nimemwambia ni mama, namuwazia mama. Akaniegemea begani, akalia. Nilijiona mdogo kama chembe ya mchele.

Jumapili, 9 Machi

Uamuzi umetoka. Hospitali hailipi. Kuna nakala za akiba. Kila siku usiku mitambo inajinakili yenyewe, na nakala zote zimo kwenye sanduku moja la chuma ambalo Ijumaa Fundi aliwahi kulichomoa kabla halijaguswa. Jumanne saa nne asubuhi atalichomeka, achague nakala ya usiku mmoja, airudishe. Mganga Mkuu anataka ya Alhamisi, kwa sababu ndiyo mpya na ni rekodi za wagonjwa wachache tu zitakazopotea.

Fundi hakuridhika. Akaeleza polepole, akipigapiga meza kwa kidole. Kama mdudu aliingia Ijumaa alfajiri, ya Alhamisi ni salama. Lakini kama aliingia mapema, yumo tayari ndani ya nakala hiyo amelala. Wakiifungua ataamka, na safari hii atafunga sanduku zima. Nakala zote. Hapo hakuna rekodi tena ya mtu yeyote, milele.

"Ndiyo maana naulizia saa," akasema.

Nikahesabu kichwani. Jumatano saa tano na dakika kumi. Ya Alhamisi ina mdudu. Ya Jumatano usiku ina mdudu. Safi ni ya Jumanne usiku na za nyuma yake. Katika hospitali nzima anayejua hivyo ni mtu mmoja, naye amekaa kwenye kamati anatafuna kalamu.

Lazima niwaambie bila kuwaambia. Baada ya kikao nikaandika barua kwa mkono wa kushoto, kwa herufi kubwa tupu, mkia wa "g" usije ukanisaliti: TUMIENI NAKALA YA JUMANNE USIKU. MIMI NI RAFIKI. Nikaipenyeza chini ya mlango wa Fundi, nikarudi kwenye swichibodi nikiwa mwepesi kama nimetua gunia.

Saa tisa kamati ikaitwa kwa dharura. Aliyeiokota barua si Fundi, ni Bwana Jalada. Ameitia kwenye faili na kuipa namba. Akaisoma kwa sauti, akavua miwani, akatangaza kwamba hii imetoka kwa wahalifu wenyewe. Wanataka tutumie ya Jumanne. Maana yake ya Jumanne ndiyo wameitegea sumu. Mganga Mkuu akasema ni kweli kabisa. Nikajaribu kusema kwamba pengine huyu mtu ni rafiki, si ameandika mwenyewe. Bwana Jalada akaniuliza tangu lini rafiki anaandika kwa mguu.

Wamepiga kura. Ya Alhamisi, wawili. Fundi hakupiga. Mimi nilinyoosha mkono nijikune sikio, ikahesabiwa.

Jumatatu, 10 Machi

Mama mkwe amepata homa. Mguu umevimba. Daktari wa usingizi amepita mara tatu na kila mara ananiuliza mimi, kama mjumbe wa kamati, kesho itawezekana? Nimemjibu inawezekana. Sijui nilikuwa namjibu nani.

Mpango mpya. Simu yangu ya mkononi ina programu ya kubadilisha sauti. Unazungumza kama ulivyo, upande wa pili wanasikia mwanamke, au mzee sana, au mtu aliyeziba pua. Nikachagua mwanamke. Nikanunua laini mpya kibandani ng'ambo ya barabara, nikasimama nyuma ya chumba cha kufulia, mashuka yakinipigapiga usoni. Maneno niliyaandika kwenye kipande cha karatasi. Mdudu aliingia Jumatano, saa tano na dakika kumi, usiulize nimejuaje. Basi, nikate.

Simu ikaita. Fundi akapokea, akasema haloo.

Miaka kumi na tisa ni mingi. Mtu akisema haloo sikioni kwangu mdomo unajiendea wenyewe. "Hospitali, habari za asubuhi, nikuunganishe na nani?" Kwa sauti ya kike, nyororo, ila mpangilio ni ule ule, na kile kituo changu kabla ya "na nani".

Nikamsikia akivuta pumzi. Nikakata, nikakimbia, nikajikwaa kwenye beseni.

Sijakaa vizuri kwenye kiti, taa ya chumba cha mitambo ikawaka. Nikainua mkono wa simu. Ni Fundi. Akaomba nimuunganishe na mtu aliyempigia sasa hivi. Nikamwambia hakuna simu iliyopita hapa. Akasema, taratibu, kama anayeongea na mgonjwa:

"Mzee wangu, kesho saa nne nachomeka lile sanduku. Nikikosea sina la pili."

Akakata yeye. Nimelitazama lile tundu la waya mpaka likawa mawili.

Angeweza kwenda moja kwa moja kwa Mganga Mkuu. Hakwenda. Anajua, nami najua anajua, na bado anasubiri. Sielewi mchezo gani anacheza. Au hachezi. Hilo ndilo linanitisha zaidi.

Jumanne, 11 Machi

Saa tatu asubuhi nilikwenda kwa mama mkwe. Homa imepanda. Mke wangu alikuwa anamlowanisha midomo kwa pamba. Mama akanishika kidole, akasema amemwambia daktari ampasue hivyohivyo, jina la dawa lipatikane lisipatikane, amechoka na huu mguu. Daktari amekataa, anasubiri kompyuta. Kisha akamwambia mke wangu asilie, mambo yatakuwa sawa.

"Si mkwe wangu yumo kwenye hiyo kamati," akasema. "Yeye hawezi kuniacha hivi hivi."

Nikawaambia nakwenda msalani. Nikaenda msalani kweli. Nikasimama mbele ya kioo nikafikiria mambo matatu. La kwanza, kukata umeme wa jengo, lakini kuna watu wanapumulia mashine. La pili, kumvuta Bwana Jalada pembeni na kumshawishi akiri yeye. La tatu, kusafiri. Nilipotazama saa ilikuwa saa nne kasoro dakika nane.

Chumba cha mitambo kiko mwisho wa korido ya chini. Nilikimbia. Sijakimbia tangu harusi ya dada yangu. Ndani walikuwa Mganga Mkuu, Bwana Jalada na faili lake, na Fundi amechuchumaa mbele ya sanduku, waya mkononi. Feni za mitambo zilikuwa zinavuma. Fundi alinitazama mara moja tu. Akauelekeza waya kwenye tundu.

Nikasikia sauti yangu, ile ya kazini, iliyonyooka, ikisema: "Jumatano. Saa tano na dakika kumi asubuhi."

Mkono wake ukasimama.

Mganga Mkuu akauliza nimejuaje. Nikasema wodi ya wazazi walikuwa wanapiga, nimeandika kwenye daftari la simu. Akasema haulizii wodi ya wazazi. Nikamwambia kulikuwa na barua. Ya tuzo. Opereta Bora. Nilipofika hapo Bwana Jalada akafungua faili na kuanza kuandika, nikaisikia kalamu yake ikikwaruza.

Fundi hakusimama. Akaniuliza swali moja. Kompyuta ya swichibodi haina mamlaka ya kuingiza kitu kwenye mitambo mingine, alihakikisha mwenyewe. Nilitumia neno la siri la nani?

Hapo ndipo ningeweza kudanganya. Jibu lilikuwa limeshanifika ulimini, tena zuri, limekamilika. Nikatazama ule waya.

"Lako," nikasema. "Nilikuchungulia."

Uso wake ukabadilika, nikaona ameumia, si kwa hasira, kama mtu aliyegundua kaacha mlango wazi na watoto wamo ndani. Kisha akageuka, akachomeka waya, akashuka kwenye orodha. Alhamisi, akaipita. Jumatano, akaipita. Jumanne, 4 Machi. Akabonyeza.

Mganga Mkuu akanielekeza mlangoni kwa kidole. Nikarudi kwenye swichibodi maana hakuna mwingine anayeweza kuiendesha. Nikakaa pale kwa zaidi ya saa nne nikiunganisha watu. Saa nane na robo taa ya chumba cha mitambo ikawaka. Skrini ya kwanza imefunguka. Safi. Fundi akasema nishike kalamu. Akanisomea jina la ile dawa herufi moja moja, nami nikampigia daktari wa usingizi na kumsomea herufi moja moja, mara mbili, akazirudia, nikazihakiki. Lilianza na T. Mke wangu alikuwa amekosea herufi zote mbili.

Saa kumi wamemwingiza.

Saa kumi na mbili kasoro wamemtoa. Amefumbua macho. Ameomba maji.

Jumatano, 12 Machi

Leo nimeitwa juu. Mganga Mkuu alikuwa na barua ya kunifukuza, imeshachapwa, niliiona kichwa chini. Fundi akaomba aseme. Akasema aliahidi mbele ya watu wote kwamba atakayetaja saa hatafukuzwa, na huyu ameitaja, ingawa ameitaja dakika moja kabla ya maafa. Wakinifukuza, safari nyingine atakayefungua barua atanyamaza mpaka mwisho. Na neno la siri lake yeye alilichapa mbele ya macho ya mtu, hilo ni kosa lake, ameshaliandikia barua. Nikashangaa. Mtu anajiandikia barua ya onyo mwenyewe.

Hukumu. Onyo kali. Kompyuta nimenyang'anywa. Swichibodi inabaki kama simu za dharura, na mimi nayo, kwa sababu Fundi amesema hospitali isikae tena bila njia ya pili. Na nitasimama mbele ya wafanyakazi wote niwaeleze nilichofanya, tangu mwanzo mpaka mwisho.

Nyumbani mke wangu haongei nami. Ameweka chakula mezani akaenda kukaa chumba kingine. Anajua, hospitali nzima inajua.

Alasiri nilikwenda kwa mama mkwe. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nimetayarisha na majibu. Akanitazama tu.

"Baba," akasema, "ungesema Ijumaa, ningelala na huu mguu siku nne pungufu."

Hayo tu. Akageukia dirishani. Sikuwa na pa kuiweka mikono yangu. Nimekaa pale mpaka nesi akanitoa.

Ijumaa, 21 Machi

Hotuba niliyoitoa Jumatatu ilikwenda vizuri kupita nilivyotarajia. Ukumbi ulijaa. Niliwasimulia yote, tuzo, ukurasa mweupe, chai, ile sauti ya kike. Walicheka mpaka wengine wakafuta machozi, kisha nilipofika kwenye mguu wa mama mkwe wakanyamaza kabisa. Mwishoni walipiga makofi. Mganga Mkuu alinipa mkono. Mke wangu ameanza kunijibu, maneno mawili matatu, na mama mkwe jana ametembea hatua sita kwa magongo, nikiwa nimemshika upande wa kushoto.

Kwa hiyo sasa, ukiangalia vizuri, mimi ndiye mtaalamu wa usalama wa mtandao katika hospitali hii. Fundi anajua mitambo. Mimi nimepitia.

Na tayari nimegundua kasoro. Fundi ameamuru kila mtu atunge neno la siri jipya, refu, lisilofanana na la mwenzake, asilitaje kwa yeyote. Matokeo yake wanayasahau. Kutwa nzima wananipigia kulalamika, famasi wamejifungia nje, maabara wamejifungia nje, nesi mmoja ametunga la herufi ishirini na hajui liliishia wapi. Hali hii haiwezi kuendelea. Kinachotakiwa ni sehemu moja ya kuaminika, na mtu mmoja wa kuaminika.

Nimenunua daftari. Tangu Jumatatu nimempigia kila mtu mmoja mmoja, kwa sauti yangu mwenyewe, nikimweleza kwamba napiga kutoka kitengo cha usalama, nakusanya maneno ya siri ili yasipotee. Mpaka leo mchana nimepata tisini na tatu. Bwana Jalada amenipa la kwake, akanitajia herufi polepole, akaomba nimsomee kuhakikisha nimeliandika sawasawa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza nayatakia nini. Nitamkabidhi Fundi orodha nzima Jumatatu mbele ya Mganga Mkuu, na nimeshaanza kuwaza atasema nini kwa furaha.

Nimeyapanga kwa alfabeti, jina la mtu kushoto, neno la siri kulia, wino wa rangi mbili. Daftari nimeliweka kaunta ya mapokezi, mahali ambapo kila mtu anaweza kulifikia akisahau. Juu ya jalada nimeandika kwa herufi kubwa, MANENO YA SIRI, USIFUNGUE, mtu asije akalichukua kwa bahati mbaya akidhani ni daftari la kawaida.